Lumbesa

Mama huuza mahindi Kibaigwa.
Gunia akilishika masikio tu
anakwambia: mia na nne, toa punje.
Mizani ya soko humfuata yeye.

Mimi nimepimwa leo, zahanati ya shule,
viatu nje, sweta nje,
thelathini na tisa na nukta kidogo.
Zamda wa Kondoa akapanda baada yangu,
mshale ukakimbia hadi themanini na sita
na foleni nzima ikaziba midomo kwa madaftari.
Zamda akashuka bila kumtazama mtu.

Sista Yulitha akauliza kwa sauti ya kuhesabu:
maumivu, toka sifuri hadi kumi?
Nikasema saba. Tisa ingeonekana kudeka.
Zamda akasema saba.
Tukatazamana.

Mimi huambiwa: kula, mifupa ndiyo inayolia.
Yeye huambiwa: punguza, mafuta ndiyo yanayokubana.
Sote huambiwa: mkizaa yataisha,
kana kwamba tumbo ni deni
na mtoto ndiye risiti.

Sista alivua miwani. Alisema
uzito ukishuka mno, au ukipanda mno,
mwezi unaweza kuja na mzigo zaidi.
Unaweza, alirudia, si lazima;
wapo wa katikati wanaotambaa hadi chooni.
Akaandika vidonge.
Akaita: anayefuata.

Usiku upepo wa Julai ulitingisha mabati ya bweni.
Kwangu siku ya pili, kwake ya kwanza.
Chupa moja ya plastiki, maji ya moto,
tukapokezana kwa kurasa za Jiografia:
ukurasa wake, ukurasa wangu.
Kesho mtihani wa ramani.
Sentimita moja ni kilomita ngapi, Nyemo?
Ya wapi, nikamuuliza, ya karatasi au ya hapa?
Akacheka, ikamuuma, akanilaani.

Ndipo nikamkumbuka Mama
ameketi juu ya gunia, kiganja chini ya kitenge,
anataja bei.
Nilidhani amechoka.
Mnunuzi alitaka lumbesa:
gunia lijae, livishwe na kilemba cha mahindi juu,
lishonwe kwa kamba,
lihesabiwe gunia moja.
Mama, asiyepandisha sauti,
siku ile alimfokea hadi wapagazi wakatua mizigo.

Desemba nikienda nyumbani
nitamuuliza ilikuwa ngapi,
toka sifuri hadi kumi.