Nukta ya Arobaini na Moja

Ramani ina nukta mia na kumi na nne
zilizopangwa kama vifungo vya koti
juu ya ziwa lisilojua kuwa limevikwa.
Tumekabidhiwa sisi, kamati ya Ziwa Kettunen, Michigan ya juu:
watu tisa, dola mia sita benki,
na mimi mtunza hazina, Aili Raatikainen,
miaka sabini na miwili, goti moja la chuma.

Kazi yenyewe haina fahari.
Unazima injini. Unarusha reki ya vichwa viwili,
unaiacha izame hadi kamba ilegee,
unavuta, unasoma kilichokuja.
Sifuri ni mchanga mtupu.
Moja, majani ya kuokota kwa vidole.
Mbili, meno ya reki yameanza kujificha.
Tatu, reki huioni tena, umevua kichaka.

Torsten, mjukuu wa jirani, ndiye mrushaji.
Asubuhi nzima maji yametutajia wenyeji wake:
yungiyungi la njano na shina lake kama bomba la mpira,
lile gugu linalonuka kitunguu saumu kilichosahaulika mfukoni,
na jani pana, jekundu kidogo,
ambalo sangara wachanga hulala chini yake
kama watoto chini ya meza siku ya wageni.

Merle Duquette anapita kwa kishindo, mawimbi yanatutikisa.
"Mwageni dawa ziwa zima, Aili! Pangaboi yangu imejaa nywele!"
Simjibu. Kila Julai ni wimbo huo,
na kila Oktoba hulalamika samaki wamepungua.

Arobaini. Mchanga.
Arobaini na moja ni mbele ya gati langu.

Torsten alivuta, akaweka mguu ukingoni, akavuta tena.
Reki haikuonekana.
Nilichomoa uzi mmoja, nikautandaza kiganjani:
unyoya wa kijani, laini mno.
Gugu letu la asili ukilitoa majini hubaki limekakamaa,
kama mzee aliyekataa kuketi.
Hili lililala mkononi, limelegea.
Nikahesabu vijani upande mmoja wa jani: kumi na sita.
Nikahesabu tena, nikitamani macho yangu yawe ya uzeeni kweli.
Kumi na sita.

Mei ya mwaka juzi tulikwenda ziwa lile la kaskazini
alikozaliwa Eino, tukamwaga majivu yake.
Mvua ilitufukuza. Nilivuta tela usiku ule ule,
alfajiri nikashusha boti hapa, nyumbani,
kwa kuwa sikuweza kuitazama ikiwa nchi kavu bila yeye.
Sikufuta kitu.
Mimi, niliyepaka rangi bango la pale mteremkoni
kwa herufi za kimo cha mkono:
KAGUA. FUTA. KAUSHA.

Kipande cha kidole kinatosha.
Kinatia mizizi, kinavunjika, kila kivunjiko kinatia mizizi.

"Ngapi?" akauliza Torsten.
Penseli ilikuwa mkononi mwangu, si mwake.
Sifuri ni duara moja tu, hata mtoto huichora.
Nani angerudi kupima mbele ya gati la mjane?
Lakini mficha maradhi kilio humfichua,
na kilio hiki kingekuwa cha ziwa, si changu.

Nikaandika tatu.
Kwenye safu ya maelezo, ambayo hakuna aijazaye,
nikaandika: *Limekuja na tela la Raatikainen.*

Agosti watashuka wapigambizi wawili
kulin'goa kwa mkono, shina kwa shina, pamoja na mizizi,
na mifuko itapimwa kwenye mizani ya Merle ya nyama ya paa.
Atasema neno. Na aseme.

Torsten alikuwa anakunja kamba, ananitazama pembeni.
"Umemaliza?"
"Bado sabini na tatu," nikamwambia. "Rusha."