Watu Wazima Wazima

Kijitabu kilikuja ndani ya sanduku la mashine,
kimekunjwa mara nane, herufi kama sisimizi.
Kilituambia damu ya mtu mzima ianzie wapi, iishie wapi.
Mtu mzima yupi, hakikusema.
Chini kabisa, kwa wino hafifu: wachangiaji mia mbili,
mji wa theluji, mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Kwa kijitabu hicho tulimsumbua Msellem wa lori la maji.
Kila akipimwa kazini, kimeng'enya cha misuli kimepindukia,
karatasi inatoka na kinyota pembeni,
naye anapelekwa Maskati kupigwa picha ya moyo.
Moyo hauna neno. Mwaka wa pili, hauna neno.
Wa tatu akaniuliza, "Binti Zahran,
nyota hii mnaiweka nyie, au inatoka kwa Mungu?"

Nikacheka. Usiku sikulala.

Basi tukaanza. Jumatano, soko la wanawake la Ibra,
mie na fomu zangu kati ya mikufu ya fedha na nguo za tarizi.
"U mzima?"
"Mzima, alhamdulillahi."
Lakini fomu haitosheki na salamu:
Sukari huna? Presha? Humezi kidonge? Huna mimba?
Seli mundu kwenu ipo?
Yuko mtoto aliyekatazwa maharage mapana?
Wengi, uzima wao uliishia hapo,
wakaona haya kana kwamba wamenidanganya.
Shawana muuza kofia akanishika mkono:
"Mwanangu, mie nilikuitikia tu.
Nani anajibu 'mgonjwa' sokoni?"

Na pale palipoandikwa *mwenyeji*, ndiyo au la,
mama mmoja akahesabu kwa vidole:
"Bibi kazaliwa hapa, mama Tabora, mie Unguja,
wanangu hospitali hii hii, wodi ya juu.
Andika unavyoona."
Kalamu ilisita.
Nikaandika ndiyo, nikaikoleza.

Walikuja baada ya alfajiri, matumbo matupu.
Nchi hii, kumnyima mtu kahawa asubuhi
ni kumfukuza mlangoni.
Mzee Harith akaapa hajala kitu. Sukari yake ikamsema.
"Ilikuwa tende moja," akanung'unika,
"na tende si chakula, tende ni salamu."
Tukamwambia arudi Jumapili.

Robo saa wakae kimya kabla ya sindano.
Mkanda usizidi dakika.
Nusu saa damu igande, kisha mashine izunguke
mpaka juu yabaki maji ya rangi ya samli iliyoyeyuka.
Nikazipanga kibaoni: ya Mbaluchi, ya bedui wa mchangani,
ya yule wa Unguja.
Nisingekuwa na nambari, ningepotea.

Wanaume mia na ishirini, wanawake mia na ishirini.
Kila kipimo tunawapanga upya, mdogo hadi mkubwa.
Wa tatu kutoka chini ni mlango,
wa tatu kutoka juu ni mlango.
Wawili wawili hubaki barazani kila upande,
hawaumwi popote,
ila hesabu haina kiti chao.

Msellem aliingia, tena katikati, baina ya mwalimu na mpishi.
Nilimpigia simu. Kelele za pampu, kisha kimya.
"Kwa hiyo miaka mitatu ile
nilikuwa naumwa kijitabu?"

Mwanamke nambari sabini na saba ni mimi.
Niliikuta jioni, kwenye safu ya rangi ya nyongo:
wa pili kutoka juu.
Nilirudia mara mbili. Nikabadilisha dawa, nikarudia tena.
Wa pili kutoka juu.
Bosi akasema tunaweza kutafuta mwingine,
nani atajua.

Nikaitia saini karatasi iliyoniacha nje.
Halafu nikaenda jikoni.
Halwa ya wachangiaji ilibaki kidogo, imegandia ukingoni mwa bakuli.
Nikaikwangua kwa kidole.