Tone la Kidole

Kwanza nililaumu umri. Halafu godoro:
nikaligeuza, nikaligeuza tena, nikaliuza.
Halafu nikasema ni jua la mwezi wa pili,
lile linalopiga mabati ya gereji yangu hapa Maweni
hata mbuzi wa jirani wakasahau kulia.

Miaka sita nimetoa damu.
Kadi yangu ina mihuri ishirini na miwili,
kila miezi mitatu, kama kodi,
ila kodi hii nililipa nikicheka.
Kundi langu ni O hasi. Sista Nyevu akipiga simu
haulizi habari za nyumbani, anauliza, "Uko wapi?"
nami nazima mashine, navua glavu,
naingia hospitali na harufu ya vyuma vilivyoungua.
Sijui imewaendea kina nani. Mara moja tu
nilimwona mwanamume langoni analia kwa furaha,
kashika kanga mbili na chupa ya uji,
nikajiambia: huenda.
Nikanunua mahamri, nikarudi kazini.

Kisha ngazi za msikiti zikaongezeka.
Nilizihesabu: bado tisa.
Lakini ya sita ilikuwa na ya saba ndani yake.
Usiku miguu ikakataa kulala,
ikatembea kitandani peke yake, mpaka Mwanaidi
akahamia kwa watoto na mto wake.
Nikaanza kutafuna barafu. Mtu mzima, fundi,
nasimama kwa muuza samaki naomba vipande
kama mtoto anayeomba ubuyu.
Na lile geti la Mzee Shalo, nalikumbuka kwa aibu:
bawaba nilizichomea kinyume,
likafungukia ukutani,
yaani halikufunguka.

Mwezi wa nane nikaketi tena kwenye benchi.
Sindano ndogo, kidole, tone
ndani ya kichupa cha maji ya buluu.
Siku zote tone langu lilizama
kama nati iliyodondoka mtaroni.
Siku hiyo lilielea.
Likakaa juu, jekundu, bila haya,
kama mgeni asiyetaka kuvua viatu.

"Leo sichukui," Sista akasema.
Nikamwambia, jaribu kidole kingine.
"Vidole vyote vinachota kisima kimoja, Bwanaheri."
Akanieleza polepole, kama anayesoma risiti:
kila mfuko unaondoka na chuma chake,
mwili unachota ghalani kufidia,
na ghala halina kengele,
halisemi linapobaki vumbi.

Chuma! Mimi!
Ninayelala na unga wa chuma puani,
mwenye mashati yaliyotoboka kwa cheche!
Nilicheka hadi pumzi ikaniishia,
na pumzi yenyewe haikuwa nyingi.

Sasa nina vidonge. Choo changu cheusi kama lami.
Mwanaidi ananipikia maini Ijumaa,
siku nyingine kunde na matembele,
anakamua ndimu juu yake, anaficha birika.
Chai baadaye, anasema, chai ni mwizi.
Nami, mtoto wa chai ya tangawizi,
naitazama saa ya ukutani kama mfungwa.

Kinachouma si vidonge. Ni simu.
Juzi ililia: "Uko wapi?"
Kisha kimya. Kisha, "Samahani. Nimebonyeza kwa mazoea."
Nikabaki nimeishika sikioni,
lori la kokoto linapita nje,
nawaza kuna mtu kitandani sasa hivi
na mimi nina mikono miwili mizima.

Nikaenda dukani kwa mdogo wangu Famau,
anayeogopa hata wembe wa kinyozi.
Tumbo moja, nikamwambia, huenda na damu moja.
Alifumba macho tangu mlangoni.
Mimi ndiye niliyetazama: tone likasita,
likazunguka kidogo,
likazama.
"Imeisha?" akauliza.
Haijaanza, nikamwambia.
Nikamgeukia kijana wa sinia la biskuti:
huyu, tafadhali, msimpe chai.