Mizani ya Duka la Nafaka, Kimilili

Kwanza tulipima unga.
Nusu kilo kwa kichwa kwa siku, akasema Khaoya,
mwalimu wa hesabu, amestaafu ila penseli haijastaafu sikioni.
Vichwa vinne, siku nne: kilo nane.
Nikamwambia, mwalimu, huko juu
maji huchemka kabla hayajapata moto,
ugali wako utakuwa uji wenye kiburi.
Akaandika nane. Akapigia mstari.

Mizani ni yangu. Miaka thelathini na moja
nimepimia mahindi ya watu kwenye sahani hii ya bati,
na kila asubuhi nikifungua mlango wa duka
Masaba uko pale, umenipa mgongo,
kama mpishi asiyetaka kuulizwa chakula kitaiva lini.

Sijawahi kuupanda. Hata hatua moja.
Nimewauzia maharagwe waliokuwa wakienda,
nikawarudishia chenji,
nikawatakia heri.

Jumanne Ndiema akashuka kutoka Kapsokwony
na kalenda kuukuu ya duka la dawa za mifugo.
Mgongoni mwake amechora njia:
hapa Laboot, hapa Chepkitale,
hapa mianzi inakoma na baridi inaanza kusema kweli,
hapa ziwa dogo chini ya majabali,
jeusi, halina samaki, halina mtumbwi,
ukikohoa ng'ambo hii, ng'ambo ile inakohoa.

Na hapa je? Nikaweka kidole pasipo na kitu.
Hapo ni ukungu, akasema. Ukungu hauchorwi.
Unakaa chini, unangoja upite.
Khaoya akaandika: *kungoja, saa mbili?*
Ndiema akacheka hadi ng'ombe wa mwezi wa Agosti
akakunjika shingo.

Turubai: kilo mbili na robo.
Kiberiti, ndani ya kichupa cha mafuta ya kujipaka.
Chumvi, majani ya chai, sukari tuliyogombania.
Kibali cha hifadhi: hakina uzito, kina bei.
Viatu vyangu nilivipata kwenye mtumba,
cha kushoto kina jina la mtu ndani,
limeandikwa kwa wino, kwa lugha nisiyoijua.
Navivaa dukani ili vinizoee.
Wateja wanauliza niliajiriwa lini polisi.

Kisha Nelima, aliyekuwa amenyamaza
akichambua mchele ambao hatutaubeba,
akainuka, akavua kandambili,
akapanda mizani kubwa, ile ya magunia.
Nipimeni na mimi, akasema, nami ni mzigo.

Chuma kikayumba, kikatulia.
Hamsini na moja.
Kwenye mizani hiyo hiyo, mwaka juzi, kwa mzaha,
tulimpima sabini na tatu tukampigia vigelegele.

Barua ya hospitali ya Eldoret inasema tarehe tisa.
Sisi tunaondoka tarehe tatu.
Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya kwa sauti.

Khaoya akachukua karatasi,
akafuta kilo mbili za unga kwenye safu ya Nelima,
akaziandika kwenye safu yake mwenyewe,
polepole, kama mtu anayesahihisha mtihani wa mtoto wake.
Ndiema akauliza, mama, unapenda chai ya namna gani?
Ya tangawizi, akasema Nelima. Kali.
Basi tangawizi ikaingia: gramu mia mbili.

Siku ya kwanza imejaa maandishi.
Ya pili pia, na mishale.
Ya tatu ina maji moto ya Suam, ina alama ya kuuliza.
Ya nne ni nafasi tupu.
Nilitaka kuijaza, Ndiema akaninyang'anya kalamu:
hiyo waachie magoti, ndiyo yatakayoiandika.

Wameondoka. Nimefunga duka, nimebaki ndani.
Nimejitwika mkoba, nimetembea
kutoka kaunta hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kaunta,
mara arubaini, huku panya wakinitazama.
Kilo kumi na tatu.
Nimetoa sufuria ya pili.
Nimetoa mwavuli.

Nimeurudisha mwavuli.