Kivuli cha Panzi

Nati ile iko nyuma ya magneto ya kushoto,
chini, pale ambapo aliyeichora injini
hakuwa na mkono, nadhani. Alikuwa na rula tu.
Spana ya dukani inaingia, inageuka upana wa ukucha,
inagonga bomba la mafuta. Basi.
Nimeichungulia kwa kioo cha daktari wa meno
nikaiona iking'aa kule gizani
kama jino la mtu anayenicheka.

Nikashuka Kamukunji na spana ya nusu inchi,
kuukuu, ya shilingi mia na hamsini.
Ndolo akaigeuza mkononi: "Nzima hii. Mbona uiharibu?"
Nikamchorea kwa chaki juu ya fuawe:
shingo ivunjike hapa, irudi tena hapa,
kichwa kitazame pembeni kama mtu aliyekasirishwa.
"Hii ni spana au mguu wa panzi?"
"Mguu wa panzi. Panzi hufika."

Makaa yakapulizwa. Chuma kikawa rangi ya papai bivu,
na kule nyuma vijana wanagonga masanduku ya bati ya shule,
kila mmoja na mdundo wake, hakuna anayemsubiri mwenzake.
Ndolo akapinda, akapinda tena, akanyoosha mkono kwenye ndoo.
"Si kwa maji!" nikapaza sauti. "Itakatika kama biskuti.
Ifukie majivuni, ipoe taratibu."
Akanitazama. "Kwenu huko Wilson mnabembeleza vyuma?"

Tunabembeleza.
Usiku huo niliinyoa mdomo kwa tupa,
nikapima, nikanyoa, nikapima,
hadi kidole gumba kikatoa lengelenge
na baridi ya Julai ikapita chini ya mlango wa hanga.
Alfajiri nati ikatii.
Robo ya robo ya mzunguko, toa, geuza, rudisha.
Nilihesabu mara thelathini na moja.
Nikafunga waya wa usalama, nikafunga kifuniko,
nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaimba vibaya.

Inspekta Lekishon akaja mbele ya ubao.
Kwenye ubao wetu kila chombo kina kivuli chake cha rangi nyeusi:
nyundo juu ya umbo la nyundo, koleo juu ya umbo la koleo.
Kivuli kikibaki uchi, ndege hairuki.
"Zote zipo?"
Zote zilikuwepo. Ukuta mzima umevaa.
Chini ya bawa, masanduku ya chanjo za Loiyangalani,
barafu ikianza kutoa jasho,
na rubani, Wanjohi, keshavaa miwani yake.

Nikatia mkono mfukoni. Chaki tu.

Ningenyamaza, na ubao ungenitetea.
Panzi hakuwa na kivuli. Kwa hesabu za ukuta hakuzaliwa.
"Fungueni injini," nikasema,
na sauti ikatoka nyembamba, si yangu.

Skrubu ishirini na mbili. Tochi nne.
Wanjohi akapiga teke gurudumu, akaomba radhi kwa gurudumu.
Dakika arobaini kabla vidole vyangu havijaigusa
palepale nilipoiacha, imelala juu ya bomba,
imejikunja sawasawa na umbo la mahali.
Nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno:
macho yalipita juu yake yakaona injini.

Lekishon hakugomba. Ningependa agombe.
Alinipa kopo la rangi na brashi iliyokakamaa.
"Kisicho na kivuli hakiingii kwenye hanga hili."

Nikaibandika ukutani, nikaizungushia rangi,
mkono bado ukitetemeka,
tone likachuruzika, panzi akapata mguu wa ziada.
Sikuufuta.
Ndege ikaondoka saa tano kasoro, kwa barafu mpya.

Wanagenzi huuliza ni mdudu gani yule ukutani.
Nawaambia wahesabu kwanza.