Dakika Nne Tu

Mwisho wa kupeleka ni Jumamosi, saa sita usiku.
Nyimbo tatu kila mtu, dakika nne kila wimbo,
na hakuna kujipigia kura mwenyewe.
Mwaka jana nilitoka wa arobaini na moja
kati ya arobaini na wawili.
Aliyeshika mkia alisahau kupeleka.
Pointi zangu mbili zilitoka kwa mtu mmoja wa Kilwa, simjui.
Aliandika neno moja: Tena.

Dada yangu Mwanakheri anacheka, sindano mdomoni,
cherehani ikila kitambaa cha sare za harusi ya Mabawa.
"Peleka ule unaopigwa kila mahali.
Mtu hupewa kura na anayemjua."
Kweli. Ndiyo maana sipeleki.
Ule umekula, umeshiba, umecheua.
Mimi natafuta wenye njaa.

Nina katoni chini ya kitanda, Barabara ya Kumi na Nne,
kanda sitini na kitu, nyingine hazina jina,
nyingine jina limevuja na wino.
Nazizungusha kwa penseli, taratibu,
maana mkanda ukiliwa na redio haurudi.
Nasikiliza kama daktari na kifua cha mtu:
huyu anapumua, huyu anakoroma,
huyu, subiri,
huyu alikuwa nani?

Upande wa pili wa kanda ya harusi.
Fidla imechelewa kuingia. Mtoto anakohoa.
Na mwanamke anaimba juu ya kikohozi
bila kugeuka, kama mtu anayevuka reli
akiijua ratiba ya treni.
Kwenye jalada: Mashavu, Makorora. Basi.
Mwaka hakuna, jina la baba hakuna.

Wimbo una dakika tisa.
Nimekaa na mkasi wa kompyuta tangu adhuhuri.
Nikikata mwanzo, fidla inabaki nje, inabisha hodi.
Nikikata kati, unapotea ubeti
wa mume aliyerudi na sanduku,
na bila sanduku lile kilio cha mwisho hakina sababu.
Nikikata kikohozi (nimejaribu, nakiri)
wimbo unakuwa msafi kama bakuli la hospitali.
Nikakirudisha.

Jana nilipanda baiskeli mpaka Makorora kuomba ruhusa.
Nyumba ya nne baada ya mashine ya kusaga.
Binti yake, Saumu, alikuwa anapepeta mchele,
hakuinua uso mpaka nilipobonyeza.
Akasikiliza, akafika kwenye kikohozi.
"Huyo mimi. Nilikuwa na kifaduro."
Akarudi kwenye ungo,
na baadaye, kama anayesema na chenga:
"Mama hakuupenda huo. Aliupenda mmoja
wa kutuogeshea. Haukurekodiwa.
Kule kiwandani alikohesabia marobota ya katani
hakuna aliyejua kama anaimba."
Nikamwomba aniimbie. Akasema ameusahau.
Lakini nilipokuwa nafungua kufuli la baiskeli
nilisikia ungo ukienda kwa mdundo
usiokuwa wa mchele.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini.
Hiza wa Korogwe ameshapeleka ule unaopigwa kila mahali.
Atashinda. Namtakia shibe njema.
Wangu wa pili ni kwaya ya Muheza, siku ya mvua,
bati la kanisa linaimba besi kuliko wanaume.
Nafasi ya tatu niliandika:
"Wa kuogeshea. Mashavu."
Fomu ikakataa. Inataka sauti.
Nikaiacha wazi.

Mtandao unazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta,
na hapa ni Ngamiani, tumezoea kungoja.
Ule wa dakika tisa nimeuacha na mwanzo wake wote,
na fidla yake iliyochelewa, na Saumu akikohoa,
kisha nikakata panapofika dakika ya nne,
katikati ya neno:
mume yuko mlangoni,
sanduku halijafunguliwa.
Anayetaka kujua limebeba nini
aniulize.