Mwezini kwa Dola Arobaini na Moja

Zuhura anatimiza saba Jumamosi,
na ametangaza, mdomo umejaa uji,
kwamba sherehe itafanyika mwezini.
Si nyumbani. Si shuleni. Mwezini.
Wageni tisa, majina kayaandika kwa kalamu ya rangi
nyuma ya bili ya umeme.

Nikapiga simu kwenye ukumbi wa kurukaruka.
Mia tatu na ishirini, akasema binti, sauti ya asali,
keki mbali, soksi mbali.
Soksi!
Nikashukuru, nikakata, nikafungua pochi:
arobaini na moja, na tiketi ya basi iliyokwisha muda.
Nyingine zote kodi imeshameza,
na kodi haijui kushiba.

Basi nikapiga hesabu ile isiyofundishwa darasani:
karatasi ya fedha ya kufunikia nyama, mizungo miwili;
puto nyeusi kumi na mbili, moja imetoboka;
unga wa mchele ninao, nazi ya kopo ninayo.
Nitapika vibibi,
maana kibibi kikiiva huota vitundu usoni,
na anayebisha kwamba huo si uso wa mwezi
hajautazama mwezi, au hajala.

Nyuma ya duka la majokofu, mtaa wa Sargent,
tulikuta boksi refu kunishinda.
Tukaliburura juu ya sleji ya kuazima,
Winnipeg nzima imeganda, thelathini chini ya sifuri,
kope zinanatana, Zuhura mbele anaamuru
magari yapishe chombo cha anga.
Usiku, nikitoka zamu, nikalivika fedha
pale chini, kwenye lango la jengo,
nikakata dirisha kwa kisu cha mkate,
nikachora Mirihi, nikachora Zohali na pete yake.
Wino ukaniishia kabla ya Mshtarii.
"Na Zuhura iko wapi?" akauliza asubuhi.
Zuhura ndiye rubani, nikasema.

Jumamosi, saa nane mchana, roketi ikakataa ngazi.
Kona ya kwanza ikakwama kama mfupa kooni.
Mzee Lacquette wa namba tatu akasukuma,
baba yake Jomar akavuta,
bawa likachanika kwa sauti niliyoisikia tumboni.
Mimi juu, na kijiko cha upawa mkononi,
nikitafuta neno la kumwambia mtoto.

Halafu nikawatazama wale waliopanga foleni chini:
kofia hadi nyusi, suti nene za theluji,
buti, glavu, mikono imetanuka kama pengwini,
kila pumzi inatoka na wingu lake.
Jamani.
Nani kanivalishia wanaanga hawa
bila kunidai hata senti?

Tukatoka mlango wa nyuma.
Uwanja mweupe, hauna hata unyayo.
Zuhura akawafundisha kuhesabu kurudi nyuma,
kumi, tisa, nane, saba,
Harleen akaisema sita mara mbili,
na roketi yenye bawa moja ikaruka,
nakuapia, kwa kadiri boksi linavyoweza.
Walitembea polepole, wakainua miguu juu sana.
Wakachimba mawe. Wakasimika ufagio, wakaupigia saluti.

Dakika kumi na tano, vidole vikaanza kulia,
tukarejea duniani, ghorofa ya pili,
kwenye chai ya maziwa na hiliki.
Vibibi ishirini na nane, sikubakiziwa hata ukingo.
Jomar alitamka, kama mtafiti,
kwamba mwezi una ladha ya nazi.
Mama mmoja, funguo za gari zinamning'inia kidoleni,
akaninong'oneza: kampuni gani imewaandalia?
Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Jumatatu, giza la alfajiri, nikielekea kituo cha basi,
nimeikuta imeegemea pipa la taka,
theluji imeziba dirisha.
Nikaingiza mkono.
Ndani, glavu moja nyekundu, ya kulia,
imeganda vidole wazi, kama inaaga.
Sijui ni ya nani.
Nimeitia mfukoni, nikaenda nayo kazini.